Vipimo, sindano ya homoni na mwenza wako: mwongozo kamili kwa anayetibiwa saratani ya tezi dume Moshi na Arusha

Mwongozo huu ni wa mwanaume aliyeambiwa kwamba saratani yake ya tezi dume inahitaji tiba ya homoni, na ni wa mke wake kwa kiwango kilekile. Wengi hukwama mahali palepale. Wanafika kwenye kipimo bila maandalizi na kurudishwa nyumbani, wanaikosa sindano ya pili kwa kuwa maumivu yamepungua na mkojo umeanza kutoka vizuri, na wanamficha mke mabadiliko ya mwili mpaka yeye anaanza kuamini kwamba kuna nyumba ndogo. Mambo mawili ya kwanza mara nyingi huzaliwa na hili la tatu, na ndiyo maana hatua ya kwanza hapa chini haihusu hospitali.

Pale ambapo maelekezo ya daktari wako yanatofautiana na haya, fuata ya daktari, kwa sababu yeye ameona majibu yako.

## Vitu vya kuandaa

- Kaunta buku moja ya matibabu haya peke yake. Karatasi zilizotawanyika kwenye mifuko ya makoti hazisaidii.
- Faili gumu la kuhifadhia picha, CD za vipimo na majibu yaliyochapwa.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima ya afya na kitambulisho.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na mitishamba. Andika hata ile ambayo unaona aibu kuitaja.
- Nguo za pamba zisizo na zipu wala vifungo vya chuma. Mitumba ya Kiborloni inatosha kabisa kwa jambo hili.
- Simu yenye kengele ya kukumbusha tarehe.
- Mtu mmoja wa kwenda naye kila mara, na si leo huyu kesho yule. Kwa maoni yangu mtu huyo awe mke, kama yupo na afya inamruhusu.

## Hatua ya 1: Mweleze mwenza kabla ya sindano ya kwanza

Saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya kiume, yaani testosteroni, na sindano inaifanya homoni hiyo ishuke hadi karibu na sifuri. Homoni hiyohiyo ndiyo inayobeba hamu ya tendo la ndoa, nguvu za misuli, uimara wa mifupa na sehemu ya uchangamfu wa mtu. Kwa hiyo mabadiliko yatakuja, na yatakuja ndani ya wiki chache. Mke akiyajua mapema atayapokea kama kazi ya dawa. Asipoambiwa, atatafuta maelezo yake mwenyewe, na maelezo hayo kwa kawaida huwa mabaya kuliko ukweli.

Maneno hayahitaji kuwa mengi. Jioni moja, watoto wakiwa wamelala, inatosha kusema: "Mama Neema, dawa nitakayochomwa inazima homoni ya kiume ili ugonjwa ukose chakula. Hamu itapungua, nitakuwa napata joto la ghafla, na pengine nitakuwa na hasira au machozi ya karibu. Hiyo itakuwa ni dawa, si wewe." Mwanaume anayeona mazungumzo haya ni mazito mno amwombe nesi au daktari ayaseme mbele yao wote wawili, na hakuna atakayemshangaa.

Saratani haiambukizwi kwa tendo la ndoa, kwa kula sahani moja wala kwa kulala kitanda kimoja. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu wapo wanaohamia chumba kingine kwa hofu ya kitu kisichokuwepo.

Utajua hatua hii imekamilika pale mke atakapoweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe sindano inafanya nini.

## Hatua ya 2: Andika hali yako ya mwanzo

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku andika PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu), kiwango cha testosteroni kama kimepimwa, presha, sukari, mafuta kwenye damu, uzito na mzunguko wa kiuno. Tiba ya homoni huongeza mafuta ya tumbo na hupandisha uwezekano wa kisukari na magonjwa ya moyo, na bila namba za mwanzo hakuna atakayejua kama presha ya mwakani imeletwa na dawa au ilikuwepo tangu zamani.

PSA ina masharti yake. Kwa siku 2 kabla ya kutoa damu epuka tendo la ndoa na kuendesha baiskeli. Kama una maambukizi ya njia ya mkojo yatibiwe kwanza, kwa kuwa yanaweza kuipandisha namba bila saratani kuhusika. Pima kwenye maabara ileile kila mara inapowezekana, kwa sababu mashine hutofautiana. Aliyewahi kutumia finasteridi kwa ajili ya tezi iliyovimba amweleze daktari, maana dawa hiyo hupunguza namba ya PSA kwa takriban nusu na kufanya mambo yaonekane mazuri kuliko yalivyo.

Omba pia meno yaangaliwe sasa. Baadaye unaweza kupewa dawa ya kuimarisha mifupa, kama asidi ya zoledroniki, na kung'oa jino ukiwa tayari kwenye dawa hiyo kunaweza kuudhuru mfupa wa taya.

## Hatua ya 3: Siku ya kipimo

Wagonjwa wa Moshi kwa kawaida huonwa KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, yenye madaktari wa mfumo wa mkojo na kituo cha huduma za saratani. Wengi wa Arusha huanzia hospitali ya Mount Meru au ALMC, hospitali ya Kilutheri ya jijini humo. Kabla ya kupanda gari piga simu au tuma mtu aulize mambo matatu: mashine inafanya kazi siku hiyo, bima imeidhinisha kipimo hicho, na je, inatakiwa kufika bila kula. Safari nyingi zinazoishia njiani hufia kwenye mojawapo ya maswali haya.

Kipimo cha CT. Ni picha za eksirei za ndani ya mwili. Kwa kawaida utachomwa dawa yenye madini ya ayodini inayofanya viungo vionekane vizuri. Figo ndizo zinazoitoa, hivyo utatakiwa kupima kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla, na mara nyingi utaambiwa usile kwa saa chache. Mwenye kisukari anayetumia metformini, au aliyewahi kupata mzio wa dawa, aseme kabla ya kulala kitandani. Dawa ikiingia utahisi joto mwilini, ladha ya chuma mdomoni na hisia kwamba umejikojolea, ambayo si kweli na hupita ndani ya dakika chache. Kuwashwa, kuvimba uso au kubanwa na pumzi ni jambo tofauti, nalo liseme hapohapo.

Kipimo cha MRI. Hakitumii mionzi bali sumaku kubwa. Acha nje saa, mkanda, sarafu, simu na hirizi yenye chuma. Aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, aliye na risasi au kipande cha chuma mwilini, na fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na cheche jichoni lazima aseme, kwa kuwa sumaku inaweza kukisogeza kipande hicho. Mashine ina kelele nyingi na unaweza kukaa ndani nusu saa au zaidi. Omba kitu cha kuziba masikio, funga macho kabla hujaingizwa na uyaache yamefumbwa mpaka mwisho. Wanaoogopa nafasi finyu husaidiwa sana na hili dogo.

Skani ya mifupa. Hiki ndicho kinachowachanganya wengi. Unachomwa kiasi kidogo cha dawa yenye teknesiamu, ambayo hutoa mionzi kidogo, unasubiri kama saa 3 ili iingie kwenye mifupa, kisha unalala chini ya kamera. Huhitaji kufunga kula. Wakati wa kusubiri kunywa maji mengi na ukojoe mara kwa mara, hasa kabla ya picha, kwa sababu kibofu kilichojaa huficha mifupa ya nyonga. Nusu ya nguvu ya teknesiamu hupotea kila baada ya saa 6, kwa hiyo siku hiyo usipakate watoto wadogo na usikae karibu na mjamzito kwa muda mrefu. Mke kukaa pembeni yako hakuna shida.

Mweleze mtaalamu kuhusu mbavu zilizovunjika kwenye ajali ya bodaboda au goti lenye baridi yabisi, maana sehemu hizo nazo huwaka kwenye picha na zinaweza kusomwa vibaya.

Ukipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa skani hii, una zaidi ya kilomita 500 za barabara mbele yako. Omba siti ya upande wa njia, shuka kila basi linaposimama hata kama huna haja ya kuchimba dawa, na tembeza miguu. Saratani huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa muda mrefu bila kusogea huongeza zaidi. Fika jana yake. Kusafiri usiku kucha na kupimwa asubuhi ni kujitesa bila faida.

## Hatua ya 4: Kuyangoja majibu na kuyasoma

Siku za kungoja ni ngumu kuliko kipimo chenyewe, na ndizo zinazozaa ugomvi wa chumvi kuzidi kwenye mtori. Muulize mtaalamu siku ileile: majibu yanatoka lini, nani atayasoma, na unayafuata wapi. Ukishapata tarehe, kubalianeni nyumbani kwamba ndugu na majirani wataambiwa baada ya hapo na si kabla. Simu kumi kwa siku za "majibu vipi, baba?" zinachosha kuliko ugonjwa.

Siku ya majibu ingieni wawili. Mmoja asikilize, mwingine aandike. Maswali yanayostahili kuulizwa ni haya: ugonjwa uko wapi sasa, kuna uti wa mgongo au mfupa wa paja ulio hatarini kuvunjika, kimebadilika nini kutoka picha iliyopita, na kipimo kijacho ni lini.

Jambo moja linalowavunja watu moyo bila sababu: skani ya mifupa iliyopigwa ndani ya miezi michache ya mwanzo wa tiba inaweza kuonyesha madoa mengi zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa mfupa unaopona nao hunyonya dawa ya kipimo. Ikiwa PSA inashuka na maumivu yanapungua, muulize daktari kama hilo ndilo linaloonekana kabla hujaenda kuaga ukoo. Na kinyume chake, PSA iliyoshuka haina maana kwamba umepona na unaweza kuacha sindano.

## Hatua ya 5: Linda tarehe ya sindano

Goserelini, ambayo ni mojawapo ya sindano zinazotumika sana, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Ya miligramu 3.6 hurudiwa kila siku 28, na ya miligramu 10.8 kila wiki 12. Angalia kwamba siku 28 si mwezi wa kalenda. Anayechomwa "kila tarehe tano" anachelewa siku mbili au tatu karibu kila mara, na kuchelewa kunajumlishwa. Andika tarehe za mwaka mzima kwenye kaunta buku na uweke kengele wiki moja kabla, ili kupatikana kwa dawa kuulizwe mapema. Ukichelewa, nenda siku hiyohiyo unayokumbuka, usingoje zamu inayofuata.

Sindano ya kwanza ina mtego. Kabla ya kuishusha testosteroni huipandisha kwa wiki moja au mbili, na maumivu ya mifupa yanaweza kuongezeka. Kwa sababu hiyo daktari hutoa vidonge vya kuizuia homoni hiyo isiifikie saratani, kama bikalutamidi, kuanzia kabla au karibu na siku ya sindano. Usiviruke kwa kudhani ni vya ziada.

Nalisema hili kwa makusudi: upasuaji mdogo wa kutoa korodani hushusha testosteroni ndani ya muda mfupi sana, hufanya kazi sawa na sindano dhidi ya saratani, na hulipiwa mara moja. Haurudishwi nyuma, na wanaume wengi hawapendi hata kuusikia. Lakini kwa anayeishi mbali, ambaye sindano ya mwezi ujao inategemea kama mahindi yameuzwa, tiba isiyokatika ni bora kuliko sindano inayokosekana. Mzungumze na mkeo, kisha na daktari, bila kuona haya.

Anayepewa abirateroni, vidonge vinavyozuia mwili kutengeneza homoni ya kiume, avimeze tumbo likiwa tupu, angalau saa 1 kabla ya kula au saa 2 baada ya kula, pamoja na predinisoloni kama alivyoandikiwa, na apimwe presha na ini kwa ratiba. Mjamzito asivishike vidonge hivyo kwa mikono mitupu.

Dalili kwamba hatua hii inafanya kazi ni testosteroni iliyo chini ya nanogramu 50 kwa desilita na PSA inayoshuka kutoka kipimo hadi kipimo.

## Hatua ya 6: Madhara na namna ya kuishi nayo

Mafukuto. Joto hupanda kutoka kifuani hadi usoni, jasho linatoka, kisha baridi inaingia. Mke aliyekwisha kukoma hedhi anayajua haya kuliko daktari, na hapa yeye ndiye mwalimu. Vaa tabaka kadhaa nyepesi za pamba badala ya sweta moja zito, hata Julai wakati Arusha inatetemeka. Tandika shuka mbili nyembamba zinazotolewa kwa urahisi. Kwa wiki 2 andika kila fukuto limekuja baada ya nini. Chai ya moto sana, pilipili na mbege ndivyo vinavyotajwa zaidi. Yakikuamsha kila usiku mwambie daktari, kwa kuwa zipo dawa za kuyapunguza.

Uchovu. Huu hauponi kwa kulala. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi, ingawa kinasikika kama utani kwa mtu aliyechoka. Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki, zikigawanywa upendavyo, pamoja na kazi ya misuli mara 2 kwa wiki: kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, au kuinua kidumu cha lita 5 kila mkono. Anza na dakika 10. Aliye na saratani kwenye mifupa aulize kwanza ni uzito gani asiuguse, na asibebe gunia wala mkungu wa ndizi.

Mifupa. Bila testosteroni mifupa hupungua uimara mwaka hadi mwaka. Mwili unahitaji kalsiamu ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250, yawe fresh au mgando, kina takriban 300, na dagaa wanaoliwa na miiba yao na mboga kama mnafu huongeza. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D vinywe kwa kipimo cha daktari tu. Ondoa mazulia yanayoteleza na weka taa njia ya chooni, maana mfupa huvunjika kwa kuanguka.

Matiti. Yanaweza kuuma au kuvimba, hasa kwa wanaotumia bikalutamidi peke yake. Zipo njia za kuzuia, lakini hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema, kwa hiyo usikae kimya miezi sita kwa aibu.

Moyo na hisia. Hasira ya ghafla, machozi na kukosa raha ni sehemu ya madhara. Ikiwa huzuni imekaa zaidi ya wiki 2, hulali, huli, au mawazo ya kutotaka kuishi yameingia, hiyo ni sababu ya kwenda kliniki sawa na maumivu.

## Hatua ya 7: Chumbani

Hamu hupungua kwa wengi, na nguvu nazo. Vidonge vya sildenafili huwasaidia baadhi kupata nguvu lakini haviirudishi hamu, na havitumiki kamwe pamoja na dawa za maumivu ya kifua yatokanayo na moyo za jamii ya naitreti, kwa sababu presha inaweza kuanguka hadi kuua.

Kaa mbali na unga na chupa za "nguvu za kiume" zinazouzwa stendi. Zinazodai kuongeza homoni ya kiume, zikifanya kweli kile zinachodai, zitakuwa zinailisha saratani ambayo sindano inainyima chakula. Zingine zinaweza kuwa na sildenafili iliyofichwa.

Kinachobaki ni kingi kuliko wanaume wanavyodhani: kukandana mgongo, kuoga pamoja, kulala mmekumbatiana pasipo mtihani wa mwisho. Semeni wazi kwamba mguso wa leo hauishii kwenye tendo, kwa sababu wanandoa wengi huacha kugusana kabisa kwa kuogopa kuanzisha kitu kisichomalizika.

## Hatua ya 8: Dalili zisizongoja kesho

Bandikeni orodha hii ukutani na muwe na namba ya dereva wa teksi au jirani mwenye gari:

- Maumivu mapya makali ya mgongo, miguu kulegea au kufa ganzi, kushindwa kuzuia mkojo au choo. Uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama utatembea tena.
- Mkojo kuziba kabisa.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa na pumzi ghafla.
- Maumivu ya kifua.
- Homa au kutetemeka, hasa kwa aliye kwenye tiba ya kemikali pia.

Mgongo ukihusika asipakizwe kwenye bodaboda. Alazwe gari linalomruhusu kunyooka, na mkeo abebe faili na kaunta buku.

## Hatua ya 9: Mwenza naye ana mwili

Mke anayeuguza hupoteza usingizi kwa mafukuto yasiyo yake, hupika mara tatu, hufuatilia bima na kupokea wageni. Baada ya miezi kadhaa yeye ndiye atakayeanguka. Watoto walioko Dar au Mwanza wasiulizwe "mtasaidiaje", kwa kuwa jibu litakuwa "tutaona". Wapewe kazi yenye jina: mmoja nauli za kliniki, mwingine kuulizia dawa duka la dawa wiki moja kabla, mwingine kulala nyumbani wikiendi moja kila mwezi ili mama aende kwao au kwenye jumuiya yake. Mume naye afanye anachoweza kufanya mwenyewe. Kumbukumbu za kaunta buku ni kazi yake, asimwachie mke.

Tarehe za kliniki ya presha ya mama ziandikwe humohumo, kwa wino wa rangi nyingine, na siku hiyo mtu mwingine ashike zamu.